Bwawa la Regent Park na mama yangu

Jamani wenzangu wa Toronto, mlio na mama zenu hapa, wapelekeni bwawa la Regent Park! Mama yangu kakulia Mombasa, bahari iko mlangoni, lakini hakuwahi kujifunza kuogelea. Wanaume wamejaa ufukweni, na yeye hijabu yake haachi.

Pale jiji limetenga muda wa wanawake peke yao. Kuta za jengo ni vioo vitupu, sasa ule muda ukifika mapazia makubwa yanashushwa na hakuna wa nje anayeona ndani. Vyumba vya kubadilishia nguo navyo vina milango kamili, kila mtu na chake, si ule ukumbi wa kuvuana nguo mbele za watu. Kwa mama, hilo ndilo lililomaliza ubishi.

Bwawa la maji ya vuguvugu lina mteremko, unaingia ukitembea. Mama kashika ukingo, maji yakamfika kiunoni, akasema "Bismillahi", akaachia mkono mmoja. Halafu wa pili. Nililia, sikuona haya.

Na ni bure. Kituo kilifunguliwa 2012, katikati ya mtaa wa nyumba za kodi nafuu uliokuwa unajengwa upya. Kodi zetu zikitumika hivi, mimi nalipa kwa moyo mweupe. Natamani tu saa za wanawake ziongezwe, maana watu ni wengi.

Angalieni ratiba kabla ya kutoka nyumbani, na bebeni kufuli la kabati.