Bibi akaniuliza kama nimekuja na bakuli

Leo ni Jumanne usiku, umeme umekatika tangu magharibi na simu ina chaji asilimia 31, kwahiyo naandika haraka haraka kabla haijazima, na makosa ya herufi mtanivumilia.

Wiki mbili zilizopita pale kanisani kwetu (nipo Mtwara mjini, upande wa Chikongola) mchungaji alisimama na daftari akasema mwezi huu hakuna mkutano wa injili wa uwanjani. Watu tukaangaliana. Sisi tumezoea mkutano, yani spika mbili kubwa, jenereta, kwaya wanapiga siku tano, mhubiri anatoka Dar, sisi wengine kazi yetu kupanga viti na kusema amina. Akasema mwaka huu hela ya jenereta hamna na hata ingekuwepo asingeitoa, safari hii kila mmoja atatoka kwa miguu yake, wawili wawili, nyumba kwa nyumba, vijijini huko Nanyamba. Kisha akasoma Matendo sura ya 8 na hapo ndo nilipochomwa, maana nimeisoma ile sura mara nyingi sijawahi kuliona lile neno moja. Mstari wa 1 unasema kanisa la Yerusalemu lilipopata mateso wote walitawanyika "isipokuwa hao mitume". Mstari wa 4 unasema waliotawanyika ndio walioenda huko na huko wakihubiri neno. Sasa unganisha mwenyewe. Mitume walibaki mjini! Waliohubiri ni akina sisi, wauza samaki, mafundi, mama na watoto wake mgongoni anakimbia na bado anaongea habari za Yesu huko anakokimbilia.

Mama yangu kwao ni Masasi na nikiwa mdogo alikuwa akitusimulia habari za Waanglikana walivyofika kule. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Zanzibar akashukia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatembea kwa miguu kuelekea bara, lengo lao lilikuwa ni kufika pande za ziwa Nyasa kabisa, ila walipofika Masasi wale watu wakaipenda ile ardhi wakasema tunakaa hapa. Wakakaa. Wakalima. Yeye askofu akarudi zake Zanzibar. Yani kanisa la Masasi mbegu yake ni watu waliowahi kuuzwa kama mbuzi, wamejenga nyumba, wanalima, jirani anakuja kuuliza nyie ni kina nani na mbona mnaimba asubuhi. Mwaka 1882 Magwangwara, yani Wangoni, wakawavamia wakachoma na kuchukua watu mateka, na bado waliobaki wakaendelea. Na Cecil Majaliwa, yule Myao aliyekuwa mtumwa, akaja kuwa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni yao ile, akafanya kazi Chitangali huku huku kusini. Mi nikiwa mtoto nilikuwa nawaza tu huo umbali wa kutembea kutoka Lindi. Sasa hivi nawaza kitu kingine, kwamba wale watu hakuna aliyewapa maiki.

Haya, turudi kwangu.

Jumamosi tukapanda gari asubuhi, mi nikapangwa na mama mmoja mzee wa kanisa, ni mtu mzima, mpole lakini macho yake yanaona mpaka mfukoni. Tukashushwa njia panda tukaanza kutembea na mi nikaanza kuona mazingira nayajua. Ule mwembe naujua. Lile duka lenye bati la bluu nalijua. Nikamwambia mama tuanzie ng'ambo ile, akasema hapana tunafuata mstari. Nyumba ya tatu kwenye mstari ni ya bibi mmoja ambaye mi namfahamu na yeye ananifahamu vizuri sana.

Naomba nieleze kwa wasiotoka huku. Kangomba ni ile biashara ya kununua korosho kwa mkulima nje ya utaratibu, hamna mizani, hamna stakabadhi ghalani (ile risiti ya korosho zilizopokelewa ghalani) wala mnada. Unamfuata mtu mwezi wa saba hana kitu, mikorosho ndo kwanza ina maua, unampa hela kidogo, msimu ukifika unakuja kuchukua korosho zako kwa kupima na bakuli au kopo, na bakuli ni la kwako wewe mnunuzi, unaelewa maana yake. Serikali inakataza kila mwaka na kila mwaka ipo. Mi nilifanya. Mwaka jana. Na nilikuwa kwaya, sauti ya tatu.

Yule bibi mjukuu wake alikuwa anaumwa, akahitaji hela, nikampa 40,000, mwezi wa kumi nikaja na bakuli langu nikachukua kama kilo 50 (nilizipima nyumbani baadaye ndo nikajua), nikazipitisha chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, kwa jina la ndugu yangu mwenye shamba. Mnadani zikaenda zaidi ya 2,000 kwa kilo. Ukitoa makato nilibaki na 60,000 juu ya hela yangu. Kwenye hiyo 60,000 nilitoa fungu la kumi. Naandika hapa nacheka lakini sio kicheko kizuri.

Sasa tumefika uani, mi nimeshika Biblia, shati limepigwa pasi, nasema shikamoo bibi, anasema marahaba mjukuu wangu, karibuni. Ananiangalia mimi, anaangalia Biblia, ananiangalia mikono. Akauliza, tena kwa upole tu, "Leo umekuja na bakuli?"

Mama mzee wa kanisa akadhani bibi anauliza kama tumeleta chakula cha msaada. Akasema hapana bibi, tumekuja na neno la Mungu. Bibi akasema, "Aaa. Bora neno. Neno halina ujazo." Halafu akatupa mkeka tukae.

Jamani sikuhubiri. Yule bibi ni Muislamu, ana tasbihi yake pale kwenye msumari, akatuambia habari za Nabii Issa anazijua, na wakaongea vizuri na mama wa watu kuhusu wajukuu na mvua na magoti. Mi nilikaa kimya kama dakika 40. Kila mstari niliokariri kwenye gari ukawa unanigeukia. Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Mi nimeulizwa habari za bakuli.

Tukiwa tunarudi barabarani mama akaniambia, "Mwanangu, lile bakuli ni la nini?" nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinyamaza mpaka tukafika stendi, akanunua maji, akanipa nusu, akasema siku nyingine usiniambie tuanzie ng'ambo ile.

Sasa kuna ndugu yangu mmoja nilipomsimulia alisema unaona ndo maana kazi ya injili waachiwe watumishi, wewe na mimi tuna madoa, tutaliaibisha jina. Nikakaa nalo hili siku tatu maana linafariji sana. Lakini naona lina ujanja ndani yake. Sisi tuna raha kumwachia mchungaji kwa sababu mchungaji hajulikani kule uani, hajawahi kuchukua korosho za mtu, ataongea atapanda gari ataondoka. Mimi najulikana. Majirani, wateja, ninaowadai, wanaonidai, hao wote mchungaji hawafikii hata akipewa spika kumi, mi nawafikia kila siku na ndo hao ninaowakimbia. Agizo la Mathayo 28, lile la enendeni mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, najua kuna watu wanasema waliambiwa wale kumi na mmoja tu, ila soma mpaka mwisho, wanaambiwa wawafundishe mataifa kuyashika yote waliyoamriwa, na hilo la kwenda nalo si liliamriwa? Basi linazunguka hadi kwangu, sina pa kutokea.

Jana Jumatatu nikaenda peke yangu, kwa bodaboda. Bila Biblia, niliiacha makusudi. Nilikuwa na 60,000 kwenye bahasha. Nikamkuta anamenya ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini. Nikampa kwa mikono miwili nikamwambia bibi hii ni ya korosho za mwaka jana, nilikudhulumu, naomba unisamehe. Akahesabu noti moja moja bila haraka, mi nimechuchumaa jua linanipiga kisogoni. Akauliza nani amekutuma, mwenyekiti wa kijiji? Nikasema hapana. Polisi? Hapana. Sasa nani?

Ikabidi nimwambie. Nikamsimulia Zakayo, yule mfupi mkuu wa watoza ushuru, alivyopanda mti, Yesu akamwambia shuka leo nitakaa kwako, watu wakanung'unika, na Zakayo akasimama akasema kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Nilisimulia vibaya, nimerukaruka, mti nikasema mkuyu yeye akauliza mkuyu wa aina gani. Lakini nilifika mwisho. Ni mara ya kwanza maishani mwangu nimemhubiria mtu mmoja uso kwa uso na nina miaka 34.

Bibi akaikunja ile bahasha akaiweka kwenye kanga. Akasema, "Huyo wa kwenu alirudisha mara nne. Wewe hii mara ngapi?"

Nikasema mara moja bibi.

Akacheka sana mpaka akakohoa. Akasema haya, tatu nakudai. Halafu akaniuliza, na huyo Yesu alipokwenda nyumbani kwa Zakayo alipewa chakula gani? Nikasema haijaandikwa. Akashangaa kweli, mgeni amekuja nyumbani na hawaandiki alikula nini! Akaniletea ming'oko ya kuchemsha na chumvi kwenye bakuli, na alivyolisukuma mbele yangu aliniangalia, tukacheka wote wawili.

Chaji 9. Mara tatu ni 180,000, sina, nitapeleka kidogo kidogo, Jumamosi naanza na 20,000. Na ameniambia nikija nije na kile kitabu, anataka mjukuu wake amsomee hiyo ya mti.