Nilivyoacha kutazama gigahezi nikaanza kuhesabu wati

Tangu niweke mfumo endeshi wa Linux, kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa inakaa na chaji kwa muda wa saa 3 tu, na kwangu mimi mchawi alikuwa anajulikana: prosesa. Kila nikitazama kasi yake naikuta imepaa kupita gigahezi 3, feni inavuma, na nilichofungua ni kurasa chache na faili moja ninayoandika. Nikaamua kuibana.

Ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, anayepanga kasi ya prosesa anaitwa gavana. Wapo kadhaa. performance huiweka juu, powersave huiweka chini, ondemand na conservative hufuata wingi wa kazi, na schedutil, aliyeingia na kerneli 4.7 mwaka 2016, hupata habari moja kwa moja kutoka kwa mpangaji wa kazi wa kerneli yenyewe. Nikaandika powersave kwenye faili la scaling_governor, nikangoja kasi ishuke.

Haikushuka. Jioni nzima iliishia hapo, mpaka nilipoelewa kwamba prosesa yangu ya Intel inasimamiwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) iitwayo intel_pstate, na huko powersave lina maana nyingine kabisa: kasi hupanda na kushuka kadiri ya kazi. Cha kuielekeza ibane matumizi ni faili jingine, energy_performance_preference, ambalo mimi nililiandikia balance_power. Jina ni lilelile, tabia tofauti, na ushauri mwingi wa zamani uliandikwa kabla ya draiva hii kuwepo. Kwa hiyo soma kwanza faili la scaling_driver ujue ni draiva ipi inayosimamia prosesa yako.

Siku hiyo lakini sikuwa na subira. Nilishusha kikomo cha kasi, faili la scaling_max_freq, hadi megahezi 800. Feni ikanyamaza, kompyuta ikapoa, nikaamini nimemaliza kazi.

Kilichonizindua ni kupima. Ukichomoa chaja, faili la /sys/class/power_supply/BAT0/power_now hukuonyesha betri inatoa umeme kiasi gani, kwa maikrowati: ukisoma 13400000, hizo ni wati 13.4. (Kompyuta nyingine hazina faili hilo, zina current_now na voltage_now, unazidisha mwenyewe.) Nikachukua kazi moja, kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) programu ninayoitumia, nikairudia mara tatu skrini ikiwa na mwanga uleule. Kwa megahezi 800 ilichukua dakika 36 kwa wastani wa wati 7.5. Kwa kasi yote, turbo (kasi ya ziada ya prosesa) ikiwa wazi, dakika 9 kwa wati 26. Turbo ikiwa imezimwa, dakika 15 kwa wati 14. Piga hesabu, wati mara saa: saa-wati 4.5, 3.9, na 3.5. Ile kasi ya chini niliyoifurahia ndiyo iliyokula betri kuliko zote!

Sababu yake inaeleweka. Umeme wa prosesa hukua pamoja na kasi, na hukua kwa mraba wa volti. Turbo hudai volti za juu, ndiyo maana ni ghali. Lakini ukishuka sana, volti hufika mahali zisipoweza kupungua tena, na wakati huo skrini, memori na redio ya waifai zinaendelea kula kwa muda wote ambao kazi inajikokota. Nikarudisha kikomo cha kasi mahali pake, nikaandika 1 kwenye faili la no_turbo kwa nyakati za betri.

Hata hivyo, kazi za kukompaili ni chache. Muda mwingi kompyuta inanisubiri mimi niandike, na hapo kasi si kitu. Cha maana ni prosesa kulala usingizi mzito. powertop, programu inayoonyesha nini kinakula umeme, ndiyo iliyonionyesha kwamba yangu hailali. Kichupo kimoja cha kivinjari, chenye picha inayochezacheza pembeni, kilikuwa kinaiamsha mamia ya mara kwa sekunde. Nilikifunga, power_now ikashuka kutoka wati 13 hadi 8. Hakuna gavana aliyewahi kunipa tofauti kama hiyo.

Kisha nikasafisha. Nilikuta TLP na power-profiles-daemon, programu mbili za kusimamia matumizi ya umeme, zote zinaendesha, kila moja ikiandika juu ya mipangilio ya mwenzake. Nikabaki na TLP peke yake. Vifaa vya USB nikaviruhusu visinzie, isipokuwa kipanya, maana kilikuwa kinachelewa kuamka kila nikikigusa.

Betri yangu imechakaa, energy_full inasoma saa-wati 41 wakati mpya ilikuwa 50. Ila sasa nikiandika, kama hivi ninavyoandika, power_now inasoma 6400000, na chaja nimeichomoa tangu asubuhi.