Maabara ya nyumbani, wiki ya tatu: OSPF na RIP kwenye milango miwili

Jumamosi. Tulipoishia: swichi mbili za Cisco Catalyst 3560, nilizozinunua mtumba, ziko mpakani mwa sehemu mbili za mtandao, SW1 na SW2. Juu yake iko SW3, inayotumia OSPF, itifaki ambayo vifaa huambiana kwayo njia za mtandao. Chini kuna ruta tatu kuukuu zilizofuatana kama mabehewa, R1, R2 na R3, zote zikitumia RIP toleo la 2, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo. Nyuma ya R3 ndiko uliko mtandao 10.20.5.0/24 ninaoupigia ping (pakiti ya kupima kama unajibu) kutwa.

Kazi ya leo ni kuhamisha njia za RIP ziingie OSPF na za OSPF ziingie RIP, kwenye swichi zote mbili, ili moja ikizima nyingine ishike. Mwanzoni RIP haikupokea kitu. Sikuwa nimetaja metriki (namba ya umbali wa njia), na bila metriki RIP huihesabu njia ya OSPF kuwa haifikiki. Nikaweka 1. Jedwali likajaa, nikaenda kula.

Kurudi, ping imekufa. Nikapiga traceroute, inayoonyesha kila kifaa pakiti inachopita: SW3, SW1, R1, SW2, halafu SW3 tena, SW1 tena, mpaka mstari wa 30. Pakiti zinazunguka mbuyu!

Nililikodolea macho jedwali la SW2 karibu saa nzima. Jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja:

O E2 10.20.5.0/24 [110/20]

Yaani njia imetoka OSPF (O), nayo iliingizwa humo kutoka nje (E2). SW2 ilipaswa kuijua njia hiyo kwa RIP, kutoka kwa R1 waliyeungana naye kwa kebo. Ila SW1 ilikuwa imeshaitangaza ndani ya OSPF, na kwenye Cisco kila itifaki ina namba yake ya kuaminiwa: OSPF ina 110, RIP ina 120. Mwenye namba ndogo ndiye anayeaminiwa. SW2 ikaacha habari ya jirani, ikashika iliyopita mbali, kisha ikaishusha kwa R1 kwa metriki 1 kana kwamba mtandao ule uko kwake. R1 ilikuwa na metriki 2 kupitia R2. Ikageukia SW2.

Jumapili. Dawa ni lebo (tag), alama inayobandikwa kwenye njia. Kila njia inayotoka RIP kuingia OSPF naipiga lebo 120 kwa route-map (orodha ya masharti ya kuruhusu au kukataa njia), na mlango wa kurudi RIP unakataa chochote chenye lebo hiyo. Upande wa pili vivyo hivyo kwa lebo 110. RIP toleo la 2 inabeba lebo, la 1 haliwezi. Mstari wa mwisho wa kuruhusu usiusahau, la sivyo route-map inakataa kila kitu.

R1 haikubadilika mara moja, maana RIP hungoja sekunde 180 kabla ya kukubali kwamba njia imekufa. Nikafuta jedwali lake kwa mkono.

Mzunguko ukaisha, lakini SW2 bado ilipitia SW3 na SW1 kumfikia jirani yake. Nikaandika `distance ospf external 130` kwenye zote mbili, njia za OSPF zilizotoka nje zikapata namba 130, sasa RIP ya 120 inashinda.

Saa nne usiku nimechomoa kebo kati ya SW1 na R1 huku ping inaendelea. Pakiti mbili zimepotea, ya tatu imejibu kupitia SW2. Nimehifadhi mipangilio kwenye swichi zote kabla umeme haujakatika.