Siku moja maishani mwangu: spinachi ya Horn & Hardart kwa wazee wa Philadelphia

Saa 11 alfajiri. Nanawa mikono, nafunga aproni, nafungua friji. Spinachi ya kugandishwa iliyolala humo tangu jana imeyeyuka barafu vizuri. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Philadelphia, na leo ni Alhamisi, siku ya spinachi ya krimu kama ilivyopikwa na Horn & Hardart.

Wazee waliokulia mji huu ukiwatajia jina hilo, nyuso zinabadilika. Joseph Horn na Frank Hardart walianza na kimgahawa kidogo hapa mjini mwaka 1888. Mwaka 1902, katika Mtaa wa Chestnut namba 818, wakafungua Automat kwa mitambo iliyoagizwa Ujerumani: ukuta wa vidirisha vya kioo, nyuma ya kila kimoja sahani ya chakula. Unatumbukiza sarafu ya senti 5, unazungusha kitasa, kidirisha kinafunguka, unachukua chakula chako. Hakuna kusubiri mhudumu, hakuna kuwaza bakshishi. New York waliingia mwaka 1912. Automat ya mwisho, katika Mtaa wa 42 huko New York, ilifungwa mwaka 1991, na spinachi yake ikaenda nayo.

Saa 12 hadi saa 2 asubuhi ni kifungua kinywa: uji wa shayiri, mayai, mkate wa kubanika, kahawa. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 2 na nusu. Nakaa na mtaalamu wa lishe kupitia majina. Spinachi ina vitamini K nyingi, na mzee anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapaswi kupata leo sahani iliyojaa na wiki ijayo asipate kabisa. Kiasi chake kinapangwa, kinaandikwa, kinafuatwa. Wapo wanaopunguziwa chumvi. Wapo wenye shida ya kumeza, ambao yao itasagwa mpaka iwe laini kabisa. Kazi hii siifanyi haraka hata siku moja. Chakula cha kumbukumbu kikimdhuru mtu, hakina maana.

Saa 3. Sasa tupike. Spinachi ya kugandishwa iliyokatwakatwa, kilo 5 na ushee, naikamua kwa mikono ndani ya kitambaa safi mpaka ibaki karibu nusu ya uzito wake. Wengi wanaoiga chakula hiki wanaharibu hapa: maji yakibaki, baada ya dakika 10 kwenye sahani utaona dimbwi la kijani. Nikishakamua, naikata tena kwa kisu, ndogo zaidi. Wazee wote niliowauliza wanasema jambo moja: haikuwa na majani ya kutafuna, wala haikuwa rojo. Ilikaa katikati.

Halafu sosi. Siagi gramu 180 inayeyuka, unga wa ngano kiasi hichohicho unaingia, nakoroga kwa moto mdogo mpaka harufu ya unga mbichi itoke lakini rangi isibadilike. Maziwa ya moto lita 3, kidogo kidogo, bila kuacha kukoroga, mpaka sosi ishike mgongo wa mwiko. Chumvi, pilipili manga nyeupe, na sukari kidogo sana ya kuondoa ukakasi wa spinachi. Basi. Siku hizi watu wanatia vitunguu saumu, jibini, hata nyama ya nguruwe ya kukausha. Huenda ni vitamu, lakini si chakula hiki. Mimi nimekua na mchicha wa nazi, najua mboga ya majani inavyopokea kitu cha mafuta bila kuzidiwa nacho, na nasimama palepale: onjo la kwanza liwe la mboga, maziwa yafuate.

Saa 5. Mwenzangu wa zamu, mama kutoka Bukavu, anakuja na kijiko chake. "Mama, onja, uniambie ukweli." Anaonja, ananyamaza, anaonja tena. "Ongeza chumvi kidogo, ndugu yangu." Naongeza kidogo mno, kwa ajili ya wale wa kupunguziwa. Horn & Hardart wenyewe walikuwa na meza ya kuonja: wakuu wa kampuni walikaa kila siku kujaribu vyakula. Chakula cha senti chache kilionjwa na wakubwa! Katika habari zao zote, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko vioo na vitasa.

Saa 6 mchana. Tunapakua, spinachi ikiwa juu ya nyuzi 57 za Selsiasi, kando ya samaki wa kuoka na viazi. Bibi mmoja wa dirishani anasimulia wanawake waliokaa kwenye vibanda kubadilisha fedha: unatoa dola, vidole vyao vinakusukumia sarafu 20 bila kuzihesabu kwa macho. Babu mmoja anakula spinachi kwanza, samaki anamsogeza pembeni. Trei nyingi zinarudi jikoni zikiwa tupu upande wa mboga, na mimi huzitazama zote.

Saa 8. Tunaosha sufuria huku tukizungumza kwa nini mgahawa mkubwa hivyo ulikufa. Sarafu ile ile iliyoujenga iliubana. Kahawa ilikaa senti 5 mpaka mwaka 1950, ilipopandishwa ikawa 10, na wateja wakachukia. Watu wakahamia vitongoji vya nje ya mji, vyakula vya haraka vikaja, na miaka ya 1970 kampuni yenyewe ikageuza baadhi ya Automat kuwa Burger King. Mwenzangu anasikitika kana kwamba aliwahi kula pale.

Saa 9 alasiri. Naandika kwenye daftari: chumvi iliyoongezwa, muda wa sosi, nani aliomba zaidi. Zamu imekwisha, lakini babu wa samaki ameshanitumia ujumbe kupitia muuguzi: anataka maharage yao ya kuoka. Natoka kupitia dukani kununua maharage meupe madogo na molasi. Jumatano usiku nayaloweka.