Nyuzi 4 hata siku ya Idd

Nianze kwa kukiri, nsije nkaonekana mwema. Kwenye mlango wa friji ya maabara yetu (maabara ya kupimia dawa hapa Unguja, sitaitaja jina, bado natafuta riziki pale) kulikuwa na karatasi ya temprecha, asubuhi na jioni unaandika nyuzi ngapi, unatia saini, basi. Siku moja nkakaa nkaisoma yote. Mwezi mzima ni 4, 4, 4, 4, kalamu ile ile ya buluu, mpaka Idd Mosi na Idd Pili ambapo maabara ilikuwa imefungwa na mie nipo Makunduchi kwa bibi nakula pilau. Na saini ni yangu.

Kwa hiyo zilipoletwa sensa wa mwanzo kununa nlikuwa mimi. (Mama aliposikia akaniuliza mbona watu washahesabiwa 2022, nkamwambia hii ya joto mama, si ya watu.) Ni kidubwasha kama kiberiti tu, kinabandikwa nje ya friji kwani bati linameza mawimbi, kina waya mwembamba unaingia ndani, kila dakika tano kinapima na kutuma kwenye kompyuta. Ncha ya ule waya inatakiwa itumbukizwe kwenye kichupa cha glisarini, maana ukifungua mlango hewa inapata joto saa ile ile lakini dawa iliyomo chupani haipandi upesi hivyo, na sie tunataka hali ya dawa si ya upepo. Sasa sie mwanzo tuliiacha inaning'inia hewani. Wallahi wiki ile simu zililia, kila anaefungua friji ujumbe unaingia, mpaka watu wakawa wanasema achana nayo ndo kawaida yake, na hapo ujue hata moto ungewaka hakuna ambae angeangalia.

Tulipoirekebisha ndo tukaona mambo. Friji inatakiwa ikae baina ya 2 na 8. Mchoro unaonyesha usiku wa saa nane inapanda mpaka 11, inakaa huko huko, alfajiri inaanza kushuka, na sie tukifika saa mbili asubuhi kweli tunaikuta 4. Umeme ulikuwa unakatika na jenereta inawaka vizuri tu, tukabaki tunashangaa. Akaitwa fundi umeme, mzee wa watu, akaufuata waya ukutani kwa kidole mpaka mwisho, akacheka. "Mwanangu, soketi hii haijui kama kuna jenereta." Haikuunganishwa. Na wallahi sie watu wa Unguja tuliokaa kiza kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ndo tungekuwa wa mwanzo kuuliza soketi gani ipo kwenye jenereta na ipi haipo.

Kinachoniuma ni kilichokuwemo humo ndani, stendadi, ile dawa safi unayolinganishia dawa nyengine zote. Stendadi ikichoka inasoma chini, kwa hiyo sampuli unayoipima inaonekana ina asilimia kubwa kuliko iliyo nayo, dawa hafifu inapita na mgonjwa anaimeza. Tulizitupa zote tukaagiza nyengine, na zile zinakuja kwa miezi.

Baadae zikaongezwa nyengine, kuna ya kubana kwenye waya wa umeme wa HPLC, ile mashine ya kutenganisha na kupima kilichomo kwenye dawa, inayoonyesha mashine imefanya kazi saa ngapi kwa wiki (tuliokuwa tukigombania foleni tuliona haya, siku nzima nzima imelala) na vitambulisho vidogo vya kufuatilia mita ya pH (ya kupimia ukali wa asidi) na mizani ziko chumba gani. Mita ilikutwa kwenye droo ya mkubwa mmoja, tuishie hapo. Mtandao ukikatika, na kwenye majengo yetu ya kuta nene unakatika kila siku, ile sensa inahifadhi vipimo vyake halafu inavituma ukirudi, na ukibadilisha kitu inaandika nani kabadilisha na saa ngapi. Wamarekani wameliweka hili la kumbukumbu za kielektroniki kwenye kanuni za FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, tangu 1997. Hakuna tipeksi humo.

Karatasi bado ipo mlangoni, tumeambiwa tuendelee kuijaza. Jana jioni nimeandika 5.3.