Laga na mgunga ulioanguka

Jana nilishinda kwenye laga moja, yaani mto wa msimu, nje ya Lodwar, Turkana. Mchanga mtupu, maji hakuna hata tone. Siku zote nilidhani maji ndiyo yanayochora njia, miti inafuata tu. Mzee niliyekaa naye kivulini akacheka. "Kijana, tazama pale." Mgunga mzima, umeangushwa na mafuriko, umelala katikati ya mkondo.

Nikausogelea. Upande wa juu wa mkondo vimenasa kokoto, vijiti, vinyesi vya mbuzi, na kandambili moja ya mtoto. Upande wa chini mchanga laini umejikusanya kama mkia mrefu, na juu yake miche imeshaota. Kisiwa kinazaliwa pale! Maji yakirudi yatalazimika kugawanyika, na laga moja itakuwa mbili.

Kwenye kingo, mizizi ya migunga iliyo hai inaning'inia kama kamba za meli, imeshikilia udongo. Penye mti ukingo umesimama wima. Hatua chache mbele, pasipo na mti, umemeguka vibaya.

Waturkana huuita mgunga huo ewoi, na familia huwa na haki ya kutumia miti ya sehemu yake kando ya mto, yaani ekwar. Maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi.

Mathenge nao, mti wa kuletwa, umejazana kotekote. Mwiba wake umepenya soli ya kiatu changu, na leo bado nachechemea.