Nani kapokea kwa nani: siku mbili kumfuata Thoma wa Akwino

Seminarini kulikuwa na sentensi moja iliyofunga mjadala kama komeo: "Thoma keshasema." Mwalimu wetu wa falsafa aliitamka polepole huku akipangusa chaki viganjani, na frateri aliyekuwa amenyoosha kidole alikishusha. Changu kilishuka mara nyingi. Mwaka wa tatu niliondoka. Haikuwa kwa sababu hiyo peke yake, ila sentensi ile haikunisaidia kubaki. Siku hizi naishi Roma, nafanya kazi jikoni hotelini, na mara moja kwa mwezi napata mapumziko ya siku mbili mfululizo. Za mwezi Machi nilizitumia kumfuata huyo Thoma, mwanateolojia wa karne ya 13 na mtawa wa shirika la Wadominikani, aliyenifumba mdomo.

Nilianzia jirani, jioni ya kuamkia safari. Nyuma ya Pantheon kuna kanisa la Santa Maria sopra Minerva, na ndani yake kikanisa cha Carafa kilichochorwa na Filippino Lippi mwishoni mwa karne ya 15. Thoma kaketi kwenye kiti cha enzi, kanzu nyeupe na joho jeusi, na chini ya miguu yake kalazwa mzee. Mbele wamesimama wazushi, Ario na Sabelio miongoni mwao, na vitabu vimebwagwa sakafuni. Pisa iko picha ya zamani zaidi, na humo anayelala chini ya miguu ya Thoma ni Ibn Rushd mwenyewe, mwanafalsafa Mwislamu wa karne ya 12, na kilemba chake. Nilipoitazama ile ya Roma nikamwona mwalimu wetu: mmoja juu, wengine chini, vitabu sakafuni.

Nikampigia mjomba Tanga. Baba yangu alikuwa Msambaa Mkatoliki, mama ni Mwislamu wa Tanga mjini, na kaka yake ni maalimu wa madrasa. Mambo yangu ya kidini yote huishia kwake, apende asipende.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Bado uko kwa Papa?"

Nikamweleza habari za picha ya Pisa. Akanyamaza kidogo. "Ibn Rushd yule wa Bidaya?" Nikamwambia ndiye, yule aliyepanga katika kitabu hicho kauli za mafakihi zinazotofautiana, hii hapa na hii pale. "Sasa huyo Thoma wenu alimsoma, au alimkanyaga tu?"

Alimsoma. Alimsoma kiasi kwamba hana haja hata ya kumtaja jina: anamwita Mfafanuzi, kwa kuwa ndiye aliyemfafanua Aristotle. Aristotle naye ni Mwanafalsafa, basi. Paulo ni Mtume. Petro Lombardo, aliyekusanya kauli za mababa wa Kanisa katika vitabu vinne katikati ya karne ya 12, ni Mwalimu. Ibn Sina, mwanafalsafa mwingine Mwislamu, anatajwa kwa jina, na Musa bin Maimun wa Cordoba, Myahudi aliyeandika kwa Kiarabu, anaitwa Rabi Musa, kwa heshima. Mwaka 1270 Thoma aliandika kitabu kizima kuwapinga waliomfuata Ibn Rushd katika suala la akili ya binadamu. Lakini anagombana naye kama mtu anavyogombana na mwenzake wa baraza moja, kila mmoja anayajua maneno ya mwenziwe kwa moyo. Wachoraji walikuja baadaye.

Asubuhi nikapanda treni ya abiria kutoka Termini kuelekea kusini. Mvua ilikuwa ikipiga dirisha, mashamba tambarare yanapita, na mimi nimefungua kwenye simu Summa, kitabu kikuu cha Thoma cha teolojia. Nilitaka sehemu moja tu, ile ambayo seminarini tuliiruka: mwanzoni kabisa, swali la kwanza, kifungu cha nane. Thoma anauliza kama mafundisho matakatifu yanatumia hoja.

Asiyewahi kuona ukurasa wa Summa hudhani ni kitabu cha amri. Si hivyo. Kila kifungu kinaanza kwa upande wa pili kupewa nafasi. "Inaonekana kwamba sivyo," anaandika, kisha anawaleta mashahidi wanaompinga, na hawaleti wanyonge. Hapa wa kwanza ni Ambrosi, askofu na mtakatifu: ondoa hoja pale inapotafutwa imani. Kwa mwalimu wetu mjadala ungeishia hapo, maana mtakatifu keshasema. Kwa Thoma ndiyo kwanza unaanza. Wa pili ni Boethius, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 6, asemaye kwamba hoja inayosimama juu ya mamlaka ya mtu ni dhaifu kuliko zote. Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja wa Kiitalia akanitazama. Anaitwa mtu mwenye mamlaka aje kuthibitisha kwamba mamlaka ni dhaifu!

Kisha anakata shauri. Mamlaka iliyojengwa juu ya akili ya binadamu ni dhaifu kweli, ila iliyojengwa juu ya ufunuo wa Mungu ni imara kuliko zote. Halafu anapanga madaraja. Maandiko Matakatifu ni ushahidi wa nyumbani na unalazimu. Walimu wa Kanisa ni ushahidi wa nyumbani pia, lakini haulazimu, unapendekeza tu. Wanafalsafa ni mashahidi wa nje, nao wanapendekeza tu. Kwa daraja la pili anamwita Augustino, mmoja wa mababa wa Kanisa, aliyemwandikia mwenzake Yeronimo kwamba ni vitabu vya Maandiko peke yake anavyoamini waandishi wake hawakukosea, na waandishi wengine, hata wawe watakatifu kiasi gani, hakubali neno kwa sababu tu wao ndio waliolisema. Kwa daraja la tatu anamleta Paulo kule Athene, Matendo sura ya 17, akiwanukulia Wayunani mshairi wao wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake."

Yaani Thoma mwenyewe, kwa vipimo vyake, anaingia daraja la pili. "Thoma keshasema" ni pendekezo. Miaka ile yote nilikuwa nashushiwa kidole na pendekezo.

Si kwamba yeye ndiye aliyegundua tatizo. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake Petro Abelardo, mwalimu wa Paris, alikusanya maswali 158 na chini ya kila moja akapanga kauli za mababa zinazopingana, akaziacha zikitazamana. Na Alano wa Lille, mwanateolojia wa karne ya 12, alisema mamlaka ina pua ya nta, unaweza kuipinda upande uutakao. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wa jikoni. Pua hiyo naijua.

Nilishuka stesheni ya Priverno-Fossanova nikatembea mpaka abasia. Ni ya watawa Wasisterisiani, kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1208: mawe meupe, refu, tupu, halina picha ya mtu kukanyaga mtu. Thoma alifikishwa hapa mgonjwa mwanzoni mwa mwaka 1274, akiwa njiani kwenda Mtaguso wa Lyon, mkutano mkuu wa maaskofu, akafa tarehe 7 Machi. Chumba kiko juu, katika nyumba ya wageni, sasa ni kikanisa kidogo. Mchongo wa marumaru unamwonyesha kitandani, watawa wamemzunguka.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Desemba 1273, alikuwa ameacha kuandika. Summa ilikuwa imefika kwenye sakramenti ya kitubio. Rafiki yake na karani wake, Reginaldo, alipombembeleza aendelee, alisema hawezi, yote aliyoandika anayaona kama makapi. Mwalimu wetu alikuwa akilitaja jambo hili kila mwaka kwa macho ya machozi, na hapo namsamehe, hata mimi nilisimama pale nikashindwa kuvaa kofia.

Habari za samaki nazipenda zaidi. Wanasimulia kwamba alipolala mgonjwa katika ngome ya Maenza, kwa mpwa wake Francesca, alikataa kila chakula. Alipoulizwa anatamani nini akataja heringi, samaki aliowala Ufaransa na ambao kule hawapatikani. Akapita muuza sadini, vikapu vikafunguliwa, kimoja kikakutwa kimejaa heringi. Baada ya kufa, mifupa yake iligombewa karibu miaka mia hadi ikapelekwa Toulouse mwaka 1369. Fuvu liko huko, na Priverno nao wanalo fuvu. Sikwenda kuhesabu.

Safari ya Napoli sina la kuisimulia: nililala, nikapitiliza stesheni ya kubadilishia treni, nikafika usiku nimelowa.

Kesho yake nikaingia San Domenico Maggiore. Hapa ndipo Thoma alipovaa kanzu ya Wadominikani mwaka 1244, jambo lililowakasirisha nduguze wakamteka njiani na kumfungia nyumbani, na hapa ndipo alipofundisha miaka yake ya mwisho. Bamba la mawe linataja hata ujira wake: wakia moja ya dhahabu kwa mwezi. Nililisoma mara mbili, kama mtu yeyote anayeishi kwa mshahara.

Lakini kilichonileta Napoli ni maandishi. Maktaba ya Taifa, ndani ya jumba la kifalme, inahifadhi daftari la Thoma akiwa kijana, mafundisho ya mwalimu wake Alberto juu ya Dionisi, aliyoyanakili kwa mkono wake mwenyewe. Nilitosheka kukaa nje uwanjani na picha ya ukurasa mmoja kwenye simu. Mwandiko huo una jina lake kwa wataalamu: mwandiko usiosomeka. Maneno yamekatwa katikati, herufi zimelala kama majani yaliyopitiwa na upepo, mistari imebanana. Cheti cha daktari ni afadhali. Ni mwandiko wa mtu anayekimbizana na sauti ya mwalimu.

Na Dionisi huyo ni nani? Fungua tena Matendo sura ya 17, ileile ya mshairi, mstari wa 34: Dionisi Mwareopago, aliyeamini Paulo alipohubiri Athene. Zama za Kati zilidhani ndiye aliyeandika vitabu vile, na mwanafunzi wa Paulo si shahidi mdogo. Thoma amemnukuu takriban mara 1,700. Karne ya 15 Lorenzo Valla, mwanazuoni wa Kiitalia, akaanza kutia shaka, na mwaka 1895 wataalamu wawili wa Kijerumani, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba mwandishi yule alichota kwa Proklo, Myunani asiye Mkristo aliyefariki mwaka 485. Mwandishi huyo aliishi mnamo mwaka 500 na akajivika jina la mtu wa Mitume.

Kinachoniuma ni kwamba Thoma alikuwa na jicho la kumnasa. Kulikuwa na kitabu kingine, Kitabu cha Sababu, ambacho vyuo vilikisoma kama cha Aristotle. Mwaka 1268 William wa Moerbeke akamaliza kutafsiri kitabu cha Proklo kwa Kilatini. Thoma akaviweka viwili hivyo pamoja, akasema wazi: hiki si cha Aristotle, kuna mwanafalsafa wa Kiarabu aliyekitoa kwa Proklo. Ushahidi uleule ulikuwa mezani pake, na Dionisi akampita.

Nikampigia mjomba. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra.

"Kwetu," akasema, "hadithi ya Mtume Muhammad haiangaliwi maneno tu. Unauliza nani kapokea kwa nani, na je, walikutana? Huyo Dionisi wenu alipokea kwa Paulo, na aliyekuja kusema kampokea yeye ni nani?"

"Hakuna, mjomba. Miaka mia nne na ushei kimya."

"Basi mnyororo umekatika."

Nikamwambia lakini vitabu vyenyewe ni vizuri. Akasema vizuri ni vizuri, na Paulo ni Paulo. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa pwani, akarudi kwenye samaki.

"Na wale heringi, nani kaona?"

Mtawa wa Fossanova aitwaye Petro, nikamjibu. Alikuwepo wakati wa ugonjwa, akaja kutoa ushahidi hapahapa Napoli mwaka 1319, walipokuwa wakichunguza kama Thoma atangazwe mtakatifu.

"Baada ya miaka mingapi?"

"Arobaini na mitano."

Nikamsikia anahesabu kwa midomo. "Mtu mmoja, kaona kwa macho yake," akasema. "Walikuwa wa kukaanga au wa kuchoma?"